Kabla hujauzima mchezo huo wa farasi na upanga



Leo ningependa tuzungumze juu ya jambo linalozusha mabishano katika nyumba nyingi zilizo na kompyuta na barobaro. Siyo muziki wala mavazi. Ni mchezo. Kijana hujifungia chumbani Ijumaa jioni, na kinachosikika nje ni kwato za farasi, panga zikigongana na watu wakipiga mayowe. Mzazi akichungulia humkuta mwanawe yu juu ya farasi kwenye kioo cha kompyuta, mkuki mkononi, akiwaangusha watu kama magunia. Mzazi hushtuka. Wengine huvuta waya wa umeme papo hapo, na hapo ndipo vita vya kweli huanza.

Nawasihi wazazi wenzangu: kabla hamjavuta waya, wasikilizeni wanaoucheza. Utashangaa kuona kwamba wao wenyewe hawakubaliani. Wako wanaousifu mchezo huo hadi mbinguni na wako wanaoulaani, na mara nyingi anayesifu na anayelaani ni mtu yule yule. Katika ubishi wao kuna mambo ambayo mzazi akiyajua atazungumza na mwanawe bila kugombana.

Mchezo wenyewe waitwa Mount & Blade. Ulianzia Ankara, mji mkuu wa Uturuki, ambako Armağan Yavuz na mkewe İpek waliutengeneza nyumbani kwa mapenzi yao tu, kabla ya kuunda kampuni ya TaleWorlds mwaka 2005. Waliuza toleo ambalo halijakamilika, na bei ikapanda kidogo kidogo kadiri kazi ilivyoendelea, hata mchezo ukatoka rasmi mwaka 2008. Mwaka 2010 likafuata toleo la Warband, ambalo hadi leo lina wapenzi wake. Kisha, mwezi wa Machi 2020, likaja Bannerlord, likauzwa likiwa bado bichi, nalo likakamilishwa rasmi Oktoba 2022. Usione vyaelea, wahenga walisema, vimeundwa.

Kuanza na mikono mitupu

Yote hutokea katika bara la kubuni liitwalo Calradia, linalofanana na nchi za Zama za Kati. Katika Warband mna milki sita. Waswadia wana mashujaa wa farasi waliovaa deraya nzito. Warhodok ni watu wa milimani wenye mikuki mirefu na pinde za mtambo. Wanord hupigana kwa miguu, mashoka mkononi. Wavaegir ni hodari wa mishale, na Wakhergit ni watu wa nyika wanaolenga shabaha wakiwa juu ya farasi wanaokimbia. Usultani wa Wasarranid, watu wa jangwani, uliongezwa mwaka 2010.

Katika michezo mingi ya vita, kijana hupewa ufalme na jeshi tangu mwanzo. Hapa sivyo. Kwanza huulizwa baba yake alikuwa nani: mwungwana aliyefilisika, mfanyabiashara, askari mkongwe, mwindaji, mtu wa nyikani au mwizi. Kisha hutupwa ulimwenguni akiwa na farasi, silaha chakavu na fedha kidogo. Hana kazi wala bwana. Huzunguka vijijini akiwaomba vijana wa wakulima wamfuate, na maadui wake wa mwanzo ni wanyang'anyi wanaorusha mawe.

Jambo hili ndilo wachezaji wengi hulisifu kwanza. Wasema hawaambiwi la kufanya. Anayetaka biashara hununua chumvi hapa akaiuze kule. Anayetaka vita hujitia chini ya mfalme na kula kiapo. Anayetaka sifa huingia katika mashindano ya mapigano mjini na kujiwekea dau. Na katika Warband anayetaka mke hutafuta mashairi kutoka kwa malenga wa vilabuni, akamghanie binti mtukufu kwenye karamu, kisha akakabiliane na baba au kaka wa binti huyo. Hata katika kompyuta, msomaji, posa ina wenyewe.

Sifa ya pili ni vita vyenyewe. Kijana huwatazama askari wake kwa juu kama jemadari, awaambie wapiga mishale washike kilima na wenye ngao wakae mbele, halafu yeye mwenyewe ashuke kupigana. Upanga hupigwa kwa pande nne: juu, kushoto, kulia, na kuchoma mbele. Asiye na ngao sharti asome mkono wa adui na kukinga upande ule ule. Mbio za farasi huongeza uzito wa pigo, kwa hiyo mkuki wa mtu aliyesimama si sawa na wa anayekuja kasi. Wachezaji wa siku nyingi husema kwamba hapo hapana njia ya mkato, mkono hujifunza polepole, na yule aliyeangushwa jana na kurutu wa kijijini leo hujiona mtu.

Masurufu na mishahara

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mzazi anayechungulia mlangoni halioni. Sehemu kubwa ya mchezo huu si kupigana. Ni kulisha watu.

Kila askari hula, na kila askari hulipwa. Katika Warband mishahara hulipwa kila juma, na hesabu huletwa mbele ya mchezaji apende asipende. Katika Bannerlord hulipwa kila siku. Masurufu yakiisha, ari ya jeshi hushuka. Mishahara ikikosekana, watu huanza kutoroka usiku. Katika Warband nyama huoza ikikaa, kwa hiyo busara ni kubeba nafaka pia, na jeshi linalokula vyakula vya namna mbalimbali huwa na moyo kuliko linalokula mkate mtupu. Jeshi likiwa kubwa hutembea polepole, na adui mwenye watu wachache humtoroka mbele ya macho yake.

Wachezaji wapya hulalamika sana juu ya mambo haya. Wasema wamekuja kupigana, si kununua siagi. Huajiri watu mia kwa siku moja, wakajiona wafalme, na baada ya majuma mawili hawana senti na jeshi limesambaratika. Mali bila daftari, kama tujuavyo, huisha bila habari. Lakini waulize waliocheza miaka na miaka kuhusu siku zao tamu zaidi. Wengi hawatakusimulia juu ya siku walipoteka mji mkuu. Watakusimulia juu ya siku walipokuwa na watu kumi na wawili wenye njaa, wanyang'anyi thelathini nyuma yao, na mji wa karibu ukiwa mwendo wa siku nzima.

Malalamiko

Malalamiko mengine hayapungui hata mtu akizoea. La kwanza ni sura. Warband haikuwa nzuri machoni hata ilipotoka mwaka 2010. Nyuso za watu ni ngumu kama vinyago na vijiji vyafanana. Hata hivyo, kwa sababu hiyo hiyo huenda hata katika kompyuta kuukuu, na katika nyumba zetu hilo si jambo dogo.

La pili ni wafalme. Mchezaji ataizingira ngome kwa siku nyingi, apoteze nusu ya askari wake kwenye ngazi ya ukutani, aingie, apeperushe bendera. Kisha mfalme huitoa ngome ile kwa bwana mwingine ambaye hata hakufika vitani. Kulima alime mmoja, kuvuna avune mwingine! Mfalme Harlaus wa Waswadia amekuwa kichekesho cha wachezaji dunia nzima, kwa jinsi wanavyomkumbuka akiandaa karamu na kupenda siagi huku maadui wakimla ardhi.

La tatu ni mwisho wa mchezo. Hapa wachezaji karibu wote huimba wimbo mmoja. Mwanzo ni mtamu, katikati kunanoga, mwisho huchosha. Mtu akishakuwa na nguvu, kilichobaki ni kuteka ngome baada ya ngome, zote kwa njia ile ile. Wengi huacha ufalme wao ukiwa nusu na kuanza upya kama maskini. Ni jambo la kutafakari kwamba katika mchezo uliotungwa ili mtu aweze kuitawala dunia, wachezaji wengi huchoka pale pale wanapokaribia kuitawala.

La kale na jipya

Bannerlord ilipotangazwa mwaka 2012, wapenzi wa mchezo walishangilia. Wakangoja, na wakangoja tena, miaka karibu minane kabla ya kuigusa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ilipofika 2020 walikuta mengi ya kupendeza: picha nzuri, vita vya hadi watu elfu moja uwanjani kwa wakati mmoja, minara ya kuzingira ngome na magogo ya kuvunjia malango. Mtu sasa huzeeka na kufa, na mwanawe akarithi ukoo. Kati ya watawala wanaogombea himaya iliyovunjika yumo mwanamke, Rhagaea, na wasichana wanaoucheza hawakukosa kuliona hilo.

Lakini walikuta pia hitilafu nyingi. Askari walisongamana kwenye ngazi moja huku nyingine zikiwa tupu. Uhunzi ulileta fedha bila kiasi, hata mtu akifua panga kubwa na mikuki ya kurusha aliweza kuwa tajiri kuliko mfalme bila kutoka mjini. Mengi yalirekebishwa kabla ya mchezo kukamilishwa mwaka 2022, lakini ubishi haukuisha.

Na lalamiko moja la wakongwe lilinigusa kuliko yote. Wasema kwamba katika Bannerlord wandani wamekuwa mabubu.

Nieleze. Katika Warband mchezaji huwapata wandani kwenye vilabu vya miji, watu wenye majina na historia zao. Hawa hawakuwa askari wa kuhesabiwa tu. Walisema. Mmoja alikujia na kukuambia kwamba hawezi kukaa na fulani kwa sababu ya maneno yake. Mwingine alinung'unika kwamba watu wako wanalala njaa. Na ukikichoma kijiji na kuwapora wakulima ng'ombe wao, mwandani mwenye huruma alikukabili akakuambia wazi kwamba hili halikumpendeza. Ukiendelea, alifunga virago na kuondoka.

Mchezaji aliweza kumpuuza. Lakini alisikia. Wakongwe wanaposema Warband ilikuwa na roho, mara nyingi hawazungumzii picha wala panga. Wanakumbuka kwamba palikuwa na mtu wa kuwakosoa.

Mateka

Hapo, wazazi wenzangu, ndipo penye kazi yetu, kwa maana mchezo huu una mambo yanayohitaji kukosolewa.

Sizungumzii damu, ingawa wazazi wengi huanzia hapo. Katika Warband damu yaweza kuzimwa kwenye mipangilio, na umri unaofaa huonyeshwa mahali mchezo unapouzwa. Soma namba hiyo, kwa kuwa mchezo huu haukutungwa kwa watoto wadogo. Ninalolisema ni jingine. Mchezaji akishinda vita huwachukua mateka. Hutembea nao kwa minyororo, akifika mjini huingia kilabuni, akamwona dalali, akawauza na kupewa fedha. Katika Warband yuko hata mfanyabiashara wa watumwa mwenye jina, Ramun, katika mji wa Tihr. Wachezaji huizungumza biashara hii kama wanavyozungumza juu ya bei ya chumvi: mateka gani hulipa, dalali yuko mji gani leo.

Sidai kwamba kijana anayebonyeza kitufe hicho ni mwovu. Vita vya Zama za Kati vilikuwa hivyo, na mchezo unaoficha hilo ungekuwa unadanganya. Lakini sisi si watu wa kulisikia jambo hili kama hadithi ya mbali. Msafiri anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika pwani ya Kenya utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu. Waliouzwa hawakuwa namba kwenye kioo. Walikuwa na mama.

Kijana anayepanda matatu kila siku akisikia utingo akiita "Kengeleni! Kengeleni!" huenda hajawahi kuambiwa kengele ile ilikuwa ya nini. Mchezo hautamwambia. Mwalimu huenda alimwambia mara moja akasahau baada ya mtihani. Anayeweza kumwambia akasikia ni mtu aliyeketi karibu naye wakati dalali wa kilabuni anapohesabu fedha, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Hivi, hao watu wanapelekwa wapi?"

Mzazi afanye nini?

Kwanza, aketi. Nusu saa yatosha. Mwambie kijana akuonyeshe anavyocheza, wala usianze kwa kukemea. Atafurahi kuliko unavyodhani, maana hakuna barobaro asiyependa kumfundisha mzazi wake kitu.

Pili, aulize maswali ya nyumbani. Una watu wangapi? Unawalipa nini? Chakula kitatosha siku ngapi? Kama kijana anaweza kujibu, basi ameanza kujua hesabu ya nyumba, na waweza kumwonyesha kwamba baba na mama nao wana jeshi dogo la kulisha, ambalo halina ngome ya kuteka mwisho wa mwezi. Hesabu ya masurufu ya Calradia na bajeti ya unga, sukari na karo ni ndugu wa tumbo moja. Kijana aliyewahi kuona askari wake wakitoroka kwa kukosa mshahara ataelewa upesi kwa nini kiatu kipya kitasubiri.

Tatu, aulize juu ya vijiji. Umewahi kukichoma kimoja? Nini kilitokea? Katika mchezo huu kijiji kilichoporwa hakisahau. Ukirudi kutafuta makurutu, hupati hata mmoja. Waliopora haraka wakatajirika haraka hujikuta hawana pa kurudi. Kijana akikusimulia hilo kwa mdomo wake mwenyewe, amejihubiria kuliko ambavyo ungemhubiria.

Nne, saa. Hapa sitaki kuwapendelea vijana. Mchezo huu hula wakati kama mchwa. Duka la Steam, ambako wengi huununua, huhesabu saa ambazo mtu amecheza na kuzionyesha kando ya maoni yake, na si ajabu kumkuta mtu mwenye saa zaidi ya 1,000 akilalamika kwamba mchezo haufai. Saa 1,000 ni zaidi ya siku 41, usiku na mchana! Mwombe kijana akufungulie hesabu hiyo muitazame pamoja. Namba hutuliza ubishi. Kisha kubalianeni mpaka, na mpaka huo uandikwe.

Na mpaka ukifika, usivute waya. Mchezo huu hauhifadhiki katikati ya vita. Mtu sharti amalize pambano kwanza, na mapambano mengi huisha kwa dakika chache. Mwambie mapema, "Hivi vita vyako vya mwisho leo," umwache amalize kwa heshima. Ukivuta waya humfundishi nidhamu. Unamfundisha kufunga mlango.

Wako watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kuuza kompyuta. Sawa, lakini kijana atauchezea mchezo kwa rafiki, na huko hapatakuwa na mtu wa kumwuliza mateka wanapelekwa wapi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu, kama ule wa Calradia, hauna haraka ya kumwambia mtu jema na baya. Wachezaji wa siku nyingi wamelijua hilo wenyewe, ndiyo maana wanawatafuta hadi leo wandani wale waliokuwa wakinung'unika kando ya moto. Mwanao anaye mwandani wa namna hiyo nyumbani. Usikubali awe bubu.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa, nakutakieni juma lenye mapatano. Kwaherini.